Somo: Kukusanya kumbikumbi mvua za kwanza zinapoanguka

Ndugu zangu, chakula hiki huja kwa siku chache tu, na wengi wanakikosa kwa kuwa wanaanza kutafuta ndoo kumbikumbi wakiwa tayari angani. Jiandaeni ardhi ikiwa bado kavu.

Hatua ya 1: Kijue kichuguu. Kumbikumbi ni mchwa wenye mabawa, madume na majike wanaotoka kwenda kuanzisha makao mapya. Siku za kuruka zikikaribia, mchwa vibarua hutoboa matundu mapya juu ya kichuguu au pembeni yake. Ukiona udongo mbichi kwenye matundu hayo, mvua imenyesha na upepo umetulia, usiende mbali. Saa ya kuruka inategemea aina ya mchwa: wengine mchana mara mvua ikikatika, wengine jioni, wengine usiku mzito. Wazee wa eneo lako wanajua kichuguu kipi hutoa saa ngapi. Waulize pia ni cha nani, maana magharibi mwa Kenya na Uganda kichuguu huwa na mwenyewe hata kikiwa porini.

Hatua ya 2: Tega. Wanaoruka usiku hufuata mwanga: chimba shimo fupi, weka beseni lenye maji kidogo, ning'iniza taa juu yake. Wanaoruka mchana, funika matundu kwa fito na majani ya mgomba au blanketi nzito hadi giza liingie ndani, kisha acha upenyo mmoja wa mwanga unaoelekea kwenye shimo lililotandikwa majani. Wanakimbilia mwanga, wanatumbukia. Vaa viatu, askari wa mchwa wanauma hadi damu.

Hatua ya 3: Wapike siku hiyohiyo, wakifa wanaharibika upesi. Kaanga kwenye sufuria kavu, moto mdogo, bila mafuta, kwa sababu wana mafuta yao ya kutosha. Koroga bila kuacha. Wakikauka, sugua kwa mikono, pepeta kwa ungo mabawa yaondoke, tia chumvi. Kwa ugali wa moto, mimi sihitaji mboga nyingine.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Kwa nini tusivunje kichuguu tuchukue wote?
Jibu: Tafadhali msifanye hivyo. Malkia yuko ndani, na ndiye anayetaga. Akifa, mwakani hupati kitu hapo. Wale wanaotoka wenyewe wanatosha, na wengine waachwe waende zao.

Swali: Mwanangu akila kamba wa baharini anavimba midomo. Naweza kumpa?
Jibu: Usimpe, mama. Wadudu na kamba wana protini zinazofanana, mzio unaweza kumpata vilevile.

Swali: Nyumbani tulipuliza dawa ya mchwa mwaka huu. Wanaotoka uani wanalika?
Jibu: Hapana. Wala wa pembeni mwa shamba linalopigwa dawa.

Swali: Watakaa muda gani?
Jibu: Waanike juani baada ya kukaanga hadi wavunjike ukiwabana, uwatie kwenye chombo kikavu chenye mfuniko. Ukisikia harufu ya mafuta yaliyochacha, tupa.

Swali: Kwenye kichuguu changu pameota uyoga. Nitume picha mniambie kama unaliwa?
Jibu: Uyoga wa vichuguu upo na ni mtamu sana, lakini kwa picha sikujibu. Mwite mtu wa hapo kijijini anayeuchuma kila mwaka auone kwa macho yake, shina hadi mzizi. Asipokuwa na hakika, uache.