Somo: Nimesikia, Lakini Ni Nani Aliyesema?

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Na kwa Wagogo wenzangu, mbukwenyi!

Somo hili nililifundisha kwenye kikundi chetu cha Jumatano jioni hapa Nkuhungu. Wengi wameniomba niliandike kwa sababu siku ile mvua ilipiga bati mpaka mwenyewe sikujisikia. Mvua Dodoma hatuilalamikii, kwa hiyo tulinyamaza tukaiacha inyeshe. Maswali ya wanakikundi nimeyaweka mwishoni.

Nianze na mbuzi. Nimekulia upande wa Mvumi, kwa babu mzaa mama. Kiangazi kikikolea na makorongo yakikauka, watu hufukua mchanga mpaka maji yachomoze, na mifugo ya kaya nne tano inakutana hapo hapo. Wanachanganyika hadi hujui wa nani ni yupi. Babu alikuwa anajifuta mikono, anapiga mluzi mmoja mfupi unaokatika mwishoni, kisha anageuka na kuondoka bila kutazama nyuma. Mbuzi wake wanachomoka mmoja mmoja katikati ya wenzao, wengine midomo bado inadondosha maji, wanamfuata.

Nilipokuwa darasa la nne niliufanyia mazoezi ule mluzi mpaka nikaupata. Hata bibi alidanganyika, akajibu kutoka jikoni kwamba chakula bado. Basi siku moja nikaupiga korongoni. Mbuzi wakainua vichwa, wakanitazama, wakarudi kunywa. Wote, isipokuwa beberu mmoja mweusi aliyenunuliwa mnadani wiki iliyopita. Huyo alinifuata. Kesho yake akamfuata jirani.

Babu alisema neno moja tu: "Huyo bado hajakaa."

Yohana 10 nimeielewa kwa beberu yule kuliko kwa mahubiri mengi niliyowahi kusikia. Yesu anasema kondoo wake waisikia sauti yake, na mstari wa 5 unasema mgeni hawamfuati kwa kuwa hawaijui sauti yake. Hasemi kondoo wana masikio makali, wala hasemi mchungaji anapiga kelele. Wamekaa naye, basi. Wengi wetu tumeokoka kweli lakini bado ni mbuzi wa mnadani: akipiga mluzi mtumishi wa redioni tunakwenda, akipiga dalali tunakwenda.

HATUA YA 1: KAA

Chukua Injili ya Marko. Ina sura 16, kwa hiyo sura moja kwa siku unaimaliza kwa wiki mbili na ushee. Isome kwa sauti, taratibu, ukiwa na swali moja: Yesu anaongeaje na watu? Usitafute "neno la leo", wala usifungue popote na kuweka kidole. Angalia namna yake ya kusema.

Kwa mfano, Bartimayo kipofu anapiga kelele barabarani na watu wanamkemea anyamaze. Yesu anasimama, anamwita, anamuuliza anataka afanyiwe nini (Marko 10:51). Sura hiyo hiyo kuna yule tajiri. Marko anasema Yesu alimkazia macho, akampenda, halafu akamwambia jambo gumu kuliko yote aliyowahi kuambiwa. Ukikaa na habari hizi, unaanza kuijua ladha ya maneno yake. Ile sauti ya saa nane usiku inayokuambia wewe ni takataka, huna maana, bora usingezaliwa, utaiuliza: lini Yesu alimsemesha hivyo mtu aliyemlilia? Na ile inayokusifia kila siku bila kukugusa dhambi hata moja, nayo utaistukia.

HATUA YA 2: PUNGUZA KELELE

Eliya pale Horebu alipitiwa na upepo, tetemeko na moto, ndipo ikaja sauti ndogo, ya utulivu (1 Wafalme 19). Wewe unaamka na simu kabla hujamsalimia hata mwenzi wako. Dakika kumi tu, simu ikiwa chumba kingine. Hatua hii haina maneno mengi. Ugumu wake ni kuifanya.

HATUA YA 3: ZIJUE SAUTI ZINAZOFANANA

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipoumia.

Julai 2016 ilipotangazwa kwamba serikali yote inahamia Dodoma, mji ulichachamaa. Kila mtu akawa dalali. Mashamba ambayo jana yalikuwa ya karanga leo yakapigwa vigingi. Mimi nilikuwa na akiba ya shilingi milioni tatu, na dalali mmoja akanipeleka kwenye kiwanja upande wa Ihumwa. Nilisimama pale, upepo unavuma, naiona nyumba yangu hadi rangi ya mageti. Moyo ukajaa. Nikamwambia mke wangu, "Nina amani. Mungu amesema."

Mke wangu aliuliza swali moja: "Umekwenda ofisi ya ardhi?" Nikamwambia ana roho ya mashaka. Naona aibu kuliandika hili lakini ndivyo nilivyosema. Dalali alikuwa amesema kuna mtu anatoka Dar kesho asubuhi na hela mkononi. Nikalipa jioni ile ile.

Kiwanja kilikuwa kimeshauzwa kwa mtu mwingine. Wawili, kusema kweli. Tulikutana watatu pale siku moja, kila mmoja na karatasi yake, tukabaki kutazamana.

Nimekaa na jambo lile miaka, na nimeona kulikuwa na sauti tatu nilizozipa jina la Mungu. Ya kwanza ni hamu. Ukitaka kitu sana, moyo wako unaweza kukiombea na kujijibu wenyewe. Nilichokiita amani kilikuwa msisimko: mapigo ya moyo yalikuwa juu, usiku sikulala nikipiga hesabu za matofali. Ya pili ni hofu, ile ya kuachwa nyuma wenzako wanapojenga. Ya tatu ni haraka, na hii ndiyo ningependa muichunguze zaidi. Mungu anaweza kusema "ondoka sasa". Alimwambia Yusufu usiku amchukue mtoto na mama yake wakimbilie Misri. Lakini haogopi uulize maswali. Tapeli ndiye anayeogopa.

HATUA YA 4: PIMA

Paulo anawaambia Wathesalonike mambo mawili kwa pumzi moja: msitweze unabii; jaribuni mambo yote (1 Wathesalonike 5:20-21). Kupima si kutoamini. Ungekwenda sokoni Majengo ukanunua mchele bila kuuchota mkononi?

Kwanza, je, linapingana na lililoandikwa? Mungu hamwambii mtu amwache mkewe ahamie kwa mwimbaji wa kwaya, hata ndoto ikija mara saba. Pili, je, lina tabia ya hekima itokayo juu? Yakobo 3:17 anaitaja: safi, ya amani, ya upole, tayari kusikiliza maneno ya watu. Mimi nilianguka hapo. Tatu, wanaokujua wanasemaje? Katika Matendo 16 Paulo peke yake ndiye aliyeona maono ya mtu wa Makedonia, lakini mstari wa 10 unageuka kuwa wingi: waliona wote kwamba Mungu amewaita. Kama mtume alikubali maono yake yapite mezani kwa wenzake, mimi na wewe ni nani?

Na msisahau 1 Wafalme 13. Mtu wa Mungu ameambiwa na Mungu mwenyewe asile wala asinywe kule. Anakuja nabii mzee na kumwambia, mimi pia ni nabii kama wewe, malaika ameniambia nikurudishe ule. Biblia inasema wazi: alimdanganya. Mtu wa Mungu akala, na njiani simba akamwua. Nikisikia mtu anatanguliza cheo chake kabla ya ujumbe, huwa namkumbuka yule mzee.

HATUA YA 5: ANDIKA, NA UTII KIDOGO KIDOGO

Nunua kaunta buku ndogo. Upande mmoja andika tarehe na unachodhani umesikia. Upande wa pili uache wazi, utajaza baadaye kilichotokea. Hiki kitabu kinafedhehesha! Changu kina kurasa ambazo nikizisoma nacheka peke yangu. Ila kimenifunza jambo: yale niliyoyaandika kwa herufi kubwa na alama tatu za mshangao mengi hayakuwa kitu, na yale yaliyotimia kuwa ya Mungu yalikuwa madogo na yenye kero. "Mrudishie mama wa mlenda elfu mbili yake, alikosea chenji." "Mpigie kaka yako." Yalinijia nikiwa nafagia uwanja au nimekaa kwenye daladala, bila kelele, na yakarudi tena kesho. Ukitii la elfu mbili, utalitambua la milioni.

MASWALI YA WANAKIKUNDI

Dada kutoka Makole: "Mwalimu, nimeota mara mbili kaka mmoja wa kanisani amenivika pete. Nimwambie?"

Usimwambie. Andika kwenye kaunta buku, omba, endelea na kazi zako. Kama ni Mungu, hatashindwa kumwambia na yeye. Na ujiulize kwa upole: kabla ya ndoto, ulikuwa unamwaza?

Mama kutoka Chang'ombe: "Tuliambiwa kwenye maombi kwamba nimepona presha, niache vidonge. Nikiendelea kumeza si nakosa imani?"

Mama, usiache vidonge. Mungu akikuponya, kipimo cha presha hospitalini kitaonyesha, na daktari ndiye atakayekupunguzia dozi. Wale wakoma kumi wa Luka 17 Yesu aliwatuma wakajionyeshe kwa makuhani, ndio waliokuwa wakikagua ugonjwa ule kwa sheria ya wakati huo. Uponyaji wa kweli haukwepi kukaguliwa. Nasema hivyo hivyo kwa wanaotumia dawa za sukari, kifafa na virusi vya UKIMWI.

Kijana wa bodaboda: "Mdogo wangu anasikia sauti kabisa, masikioni, zinamtukana na kumwamuru ajidhuru. Tumemwombea wiki tatu. Ni mapepo?"

Ndugu yangu, endeleeni kumwombea, na mpelekeni hospitali leo, msisubiri wiki ya nne. Asiachwe peke yake. Sisi wa Dodoma tuna Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, hapa hapa mjini, na tumeigeuza jina la utani, mtu akikosea kidogo anaambiwa "arudi Mirembe". Tuache. Ni hospitali, watu wanatibiwa wanarudi makwao. Sauti inayoamuru mtoto ajiue si ya Mchungaji Mwema, hilo huna haja ya kulipima zaidi.

Mzee mmoja mkulima: "Msimu huu nimesukumwa moyoni nipande mahindi eka zote tatu. Ni Mungu?"

Mzee wangu, shikamoo. Mkoa wetu unapata mvua ya milimita 570 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, na katikati hapo jua huwa linakatiza. Mtama na uwele vinavumilia, mahindi hayavumilii. Bwana shamba amesema, wataalamu wa hali ya hewa wamesema, na babu zetu walisema kabla yao. Inawezekana Mungu ameshajibu mara tatu. Ukishindwa kabisa, weka mahindi nusu eka.

Kaka kutoka Ipagala: "Kwa heshima, mwalimu, unamzimisha Roho. Ukipima kila kitu, utamtii Mungu lini?"

Hoja yako nimeichukua. Wapo wanaopima mpaka wanakufa na kipimo mkononi, na mimi baada ya kiwanja kile nilikuwa mmoja wao: miaka miwili sikuthubutu hata kumwombea jirani bila kushauriana na mtu. Hiyo nayo ni hofu. Kwa hiyo naona jambo litenganishwe kwa gharama ya kukosea. Umesukumwa kumpelekea mgonjwa uji? Peleka, ukikosea mgonjwa amekunywa uji. Umesukumwa kuuza nyumba? Kaa chini na watu.

Dada mwanafunzi: "Mimi sisikii chochote. Miaka mitatu."

Samweli alilala hekaluni karibu na sanduku la Mungu, akitumika kila siku, na aliitwa mara tatu akidhani ni Eli. 1 Samweli 3:7 inasema alikuwa bado hajamjua BWANA. Hakukemewa. Aliitwa mara ya nne. Endelea kulala pale pale.

Bibi mmoja wa kikundi chetu: "Mimi kusoma sijui. Hiyo Marko nitaisomaje?"

Nilimwambia ipo Biblia ya kusikiliza, kijana yeyote anaweza kumwekea kwenye kadi ya redio yake ndogo, au mjukuu amsomee sura moja jioni baada ya kula. Jumatano iliyofuata nikamuuliza wamefika wapi. Akasema wako bado sura ya kwanza, mjukuu anasoma mbiombio kama anafukuzwa, na yeye kila akifika kwenye yule mwenye ukoma, pale Yesu anaponyosha mkono na kumgusa, anamwambia, "Rudia hapo."