Mchicha na sukuma bila dawa za viwandani: anza na mboji

Kabla ya kununua mbegu, andaa mboji. Chagua kivuli, pima upana wa mita 1.5, tandaza mabua makavu yaliyokatwakatwa, sentimita 20, ili hewa ipite chini. Juu yake panga majani makavu sentimita 15, majani mabichi sentimita 15, samadi sentimita 5, na majivu kiganja kimoja. Mwagia maji kila tabaka, rudia mpaka kimo cha mita 1.2, kisha funika kwa majani ya mgomba.

Chomeka fimbo ndefu katikati. Baada ya siku 4 ichomoe uishike: ikiwa ya moto na unyevu, mambo yanakwenda. Ikitoka baridi na kavu, ongeza maji na samadi. Ikinuka uozo, maji yamezidi na hewa haipiti. Pindua, changanya na majani makavu. Pindua kila wiki 3. Kwa kawaida huiva ndani ya miezi 3.

Tafadhali usiweke samadi mbichi kwenye mboga za majani. Inaunguza mizizi na kuleta vimelea mezani.

Tuta liwe na upana wa mita 1. Changanya mbegu za mchicha na mchanga, sia kwenye mistari ya sentimita 20. Sukuma huhamishwa, sentimita 45 kati ya miche.

Vidukari wakitokea, twanga mbegu za mwarobaini gramu 500, loweka usiku kucha kwenye lita 10 za maji, chuja, nyunyiza jioni chini ya majani. Jua huharibu nguvu yake.