Jinsi ya kufundisha mto Rusizi ukiwa Ujiji

Usianze na ramani. Wapeleke wanafunzi ufukweni, pale akina mama wanapoanika dagaa, wageuke kaskazini, kisha uwaulize: kule mwisho wa Ziwa Tanganyika, Rusizi unaingia au unatoka? Waache wabishane. Swali hilohilo liliwasumbua Wazungu waliokuwa wakitafuta chanzo cha Nile, maana mto ukitoka ziwani kwenda kaskazini, huenda ndio Nile yenyewe. Wawili wao, Burton na Speke, walifika Uvira, karibu na mwisho huo wa ziwa, mwaka 1858. Wenyeji wakawaambia mto unaingia, ila Wazungu hao hawakufika mtoni penyewe. Novemba 1871 Livingstone na Stanley wakaondoka hapahapa Ujiji kwa mtumbwi, wakashuhudia maji yakiingia ziwani. Mimi husisitiza kwamba wenyeji walishasema. Haki yao wapewe.

Sasa toa ramani. Waandike mwinuko wa Ziwa Kivu, kama mita 1,460, na wa Tanganyika, kama mita 770. Mtoto akishapiga hesabu mwenyewe, ubishi umekwisha. Afuate mto kwa kidole toka Kivu, mpakani mwa Rwanda na Kongo, kisha Burundi na Kongo, hadi karibu na Bujumbura. Akiuliza maji ya ziwa yanatokea wapi basi, mwonyeshe mto Lukuga, ng'ambo ya magharibi, unaoyapeleka kwenye mto Lualaba, huko Kongo.