Upungufu wa G6PD kwa Mtoto: Namna ya Kumlinda

Chembe nyekundu ya damu huishi siku 120 hivi, na haina kiini. Vimeng'enya, yaani protini zinazoendesha kazi za ndani ya chembe, ilivyotoka navyo kwenye uboho ndivyo hivyo hivyo mpaka ife, haitengenezi vingine. G6PD ni kimoja cha vimeng'enya hivyo, na shida yake inaanzia hapo.

G6PD huisaidia chembe kutengeneza kemikali iitwayo NADPH, ambayo huiweka glutathioni, kinga ya ndani ya chembe, tayari kuzima kemikali zinazounguza ukuta wa chembe. Katika aina ya upungufu iitwayo A- (si kundi la damu), iliyoenea Afrika, jeni iliyo kwenye kromosomu X imebadilika mahali pawili, hivyo asidi amino mbili zinazounda kimeng'enya zimebadilika: ya 68, valini, imekuwa methionini, na ya 126, asparajini, imekuwa asidi aspatiki. Kimeng'enya kinatengenezwa, ila kimekunjika legelege na kinavunjika mapema: nusu yake huisha kwa siku 13 hivi, badala ya 62. Chembe changa hujimudu, nzee hubaki bila kinga. Mvulana huipata kwa mama, ambaye mwenyewe huenda hajawahi kuugua.

Kwenye duka la dawa, taja hali ya mtoto kabla hujataja homa. Epuka dawa zinazoweza kupasua chembe hizi: dapsoni, nitrofurantoini na primakwini ya siku 14. Mseto wa malaria hauna neno. Nyumbani, ondoa naftalini, vile vidonge vyeupe vya kabatini na chooni, na usimpake mtoto hina, hata kama ni harusi ya shangazi yake. Maambukizi pekee nayo yanaweza kupasua damu, yaani kuvunja chembe nyekundu.

Dalili huja siku 1 hadi 3 baada ya mtoto kukutana na kimojawapo cha hivyo. Mkojoze kwenye kikombe cheupe, utazame kwenye mwanga: rangi ya chai ya rangi iliyokolea ni hatari. Tazama pia macho ya njano, viganja vilivyopauka, pumzi za haraka. Acha dawa uliyokuwa unampa, beba pakiti yake, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Mkiwa Ukerewe, anzieni kituo cha afya kilicho karibu. Msikae kungoja kivuko cha kwenda Mwanza mjini.

Kipimo cha G6PD nacho kina mtego. Kikifanywa mara tu baada ya damu kupasuka, chembe nzee zimeshakufa na changa ndizo zimebaki, hivyo majibu yanaweza kusema “kawaida”. Mtoto akiongezewa damu, utakuwa unapima ya mchangiaji. Rudia baada ya miezi 3, na kwa kuwa Kanda ya Ziwa ina seli mundu nyingi, omba vipimwe vyote viwili. Tarehe ya shambulio iandikwe kwenye kadi ya kliniki, kando ya majibu ya kwanza.