Pompomu za uzi kwa kadibodi na uma

Mkoba wa ukindu uliofungwa pompomu tatu (vimpira laini vya uzi) mdomoni haukai sana dukani, na pompomu zenyewe hazitaki kifaa cha kununua. Tafuta uzi wa sweta, kadibodi ya boksi la biskuti, uzi wa kushonea nyavu na mkasi mkali. Ule mkasi wa jikoni unaokatia samaki uache hukohuko.

Chora kwenye kadibodi maduara mawili sawasawa ya sentimita 8 kwa upana. Katikati ya kila duara toboa tundu la sentimita 2 na nusu. Sarafu ya shilingi 20 inakaribia hapo, izungushie kalamu. Halafu kata mwanya wa sentimita 1 kutoka ukingoni hadi kwenye tundu, ili uzi upite bila kusokotana. Ukubwa wa tundu ndio unaoamua unene. Tundu dogo hujaa upesi, nawe utapata pompomu nyepesi inayoonyesha kati.

Weka kadibodi mbili moja juu ya nyingine, mianya ikabiliane. Shika nyuzi tatu kwa pamoja uzungushe raundi 80, yaani kama nyuzi 240. Nenda upande mmoja hadi mwingine, urudi, uende tena. Usirundike mahali pamoja, kwani pompomu itatoka kama embe. Usivute kwa nguvu pia: uzi uliovutwa hujikunja ukikatwa, na mpira unakuwa mdogo kuliko ulivyopanga.

Sasa pitisha ncha ya mkasi kati ya kadibodi mbili, ukate nyuzi za ukingo wote. Mkono mwingine ubane katikati muda wote, maana ukiachia hapa kazi yote imekwenda.

Fundo ndilo lenye kazi. Chukua uzi wa nyavu wa sentimita 30, upitishe kati ya kadibodi, kisha funga ukipitisha ncha mara mbili badala ya moja. Fundo la namna hiyo halirudi nyuma unapotafuta fundo la pili. Vuta mpaka usikie uzi unagoma, geuza, funga tena upande wa pili. Uzi wa sweta wenyewe usiutumie kufungia; hukatika kabla haujakaza.

Toa kadibodi, viringisha pompomu viganjani, kisha inyoe. Kata ncha ndogondogo huku ukiizungusha, ukiziacha zile ncha mbili ndefu za kufungia mkobani (kila mtu huzikata mara moja, halafu hazikati tena). Ikiwa bado imelala, ipitishe juu ya mvuke wa birika sekunde chache, itafumuka. Pasi usiiguse: uzi mwingi wa madukani ni akriliki, na akriliki huyeyuka.

Kwa pompomu ndogo za kofia ya mtoto, tumia uma wa meno manne. Zungusha raundi 50, pitisha uzi kwenye nafasi ya katikati ya meno, funga, chomoa, kata vitanzi vya pande zote mbili.

Maswali ya wanachama

*Kutoka Langoni: Shukran kwa somo. Yangu inanyonyoka nikiivuta kidogo tu. Nimefungia mshipi wa kuvulia, na ule haukatiki.*

Haukatiki, bi, lakini unateleza. Mshipi ni laini, fundo lake hulegea lenyewe. Badili kwa uzi wa nyavu uliosokotwa. Hesabu pia raundi zako: nyuzi zikiwa chache, fundo halina cha kubana hata likazwe vipi.

*Kutoka Shela: Mabaki ya leso yanafaa?*

Leso huchanika nyuzi pembeni na pompomu inabaki na ndevu. Tisheti kuukuu ni bora. Kata vipande vya upana wa sentimita 1, uvivute vijikunje, kisha zungusha raundi 40 hivi, maana ni vinene.

*Donge la gramu 50 hutoa ngapi za ukubwa huu?*

Moja hula karibu mita 15. Donge la mita 120 hutoa 7, na 8 ukizungusha kwa uangalifu. Soma karatasi ya donge, urefu umeandikwa hapo. Uzi mnene huwa na mita chache kwa uzito uleule.

*Mteja amesema zake zimekuwa ngumu baada ya kuzifua.*

Hizo ni za sufu halisi, na zilifuliwa kwa maji ya moto na kusuguliwa. Sufu ikisuguliwa kwenye maji ya moto hushikana, hairudi tena. Mwambie atumie maji baridi na sabuni kidogo, akamue ndani ya taulo bila kusokota, aanike kivulini penye upepo. Siku za masika aziangalie na katikati, kwani nje hukauka kwanza na ndani hubaki na harufu ya uvundo.

*Naweza kumvisha punda shingoni siku ya sherehe?*

Weka juu ya kichwa, katikati ya masikio. Shingoni punda wa jirani ataitafuna.