Jinsi ya kujua fulana yako ilishonwa na nani, na ufanye nini ukikuta waliishona kwa dhuluma

Mi nauza mtumba, nimefungua mabelo ya fulana miaka mingi, na ukishika fulana kumi za kutoka Marekani hutakosa kadhaa zilizoandikwa shingoni "Hecho en Honduras", au El Salvador, au Nicaragua, Guatemala, Mexico. Hecho en ni Kihispania, maana yake imetengenezwa. Zamani nilikuwa sijali, lebo ikichakaa naikata nauza nasonga mbele. Aliyenibadilisha ni dada yangu, alishona miaka mitatu kwenye kiwanda kimoja cha EPZ (eneo la viwanda vya kuuza nje) hapa Dar, siku moja kanikuta napanga mzigo akaokota fulana moja akaigeuza nje ndani, akapitisha kidole kwenye mshono wa bega, akasema huyu alikuwa anakimbizwa na tageti, ona uzi umeruka hapa kashona juu yake badala ya kufumua. Afu akauliza, na wao huko dakika za chooni wanahesabiwa? Sikuwa na jibu. Ndo nikaanza kutafuta, na leo naandika njia niliyojifunza ili na wewe uifuate.

Kwanza jua neno maquila (tamka makila). Ndivyo wanavyoita viwanda vya kushonea vitu vya kuuza nje, malighafi inaingia bila ushuru, watu wanashona, mzigo unatoka. Mexico walianza mwaka 1965 mpakani na Marekani, miji kama Tijuana na Ciudad Juárez, baadae vikasambaa Amerika ya Kati na Jamhuri ya Dominika. Honduras viwanda vimejaa Choloma na Villanueva, jirani na San Pedro Sula, na mzigo unapakiwa bandari ya Puerto Cortés. Na hii usidhani ni habari ya mbali, sheria ya Marekani iliyotuletea AGOA huku Afrika, yaani mpango wa kuuza bidhaa Marekani bila ushuru, ilosainiwa Mei 2000, ndani yake hiyohiyo kuna sehemu ya nchi za Karibiani na Amerika ya Kati. Yaani dada yangu na yule wa Choloma walifunguliwa mlango kwa karatasi moja.

Haya, chukua fulana yako. Usiangalie jina kubwa la mbele, tafuta lebo ya shingoni na ile ndogo ya ubavuni ndani kwenye mshono, watu wengi ile ya ubavuni hawajui hata kama ipo. Soma nchi. Soma maneno yenyewe pia, maana nguo za zamani utakuta imeandikwa "Ensamblado en", hiyo ni kwamba kitambaa kilitoka Marekani kule kikaunganishwa tu. Afu tafuta herufi RN zikifuatwa na namba. Hiyo namba inatolewa na FTC, tume ya biashara ya Marekani, na kwenye wavuti yao kuna sehemu ya kuitafuta bure, ukiiweka inakupa jina la kampuni inayohusika na hiyo nguo. Sio jina la kiwanda! Hapo wengi wanachanganya. RN inakupa tajiri, kiwanda unakitafuta mwenyewe.

Kiwanda nakipata kwa njia tatu. Kuna wavuti inaitwa Open Supply Hub, ni ramani ya bure ya viwanda dunia nzima, unaandika jina la kampuni unachagua nchi, inakuonyesha viwanda vilivyotajwa na anwani zake. Kuna ImportYeti, hii inaonyesha mizigo inayoingia Marekani kwa meli, nani katuma na nani kapokea, ni nzuri sana kwa Honduras na El Salvador ila kwa Mexico itakuangusha kwa sababu mzigo mwingi wa Mexico unavuka kwa malori na data ya malori haimo. Ya tatu ndo naipenda zaidi, ni kwa fulana za vyuo vikuu, si unajua mtumba umejaa fulana za vyuo vya Marekani, zile zenye jina la chuo kifuani. Vyuo vingi vinalazimisha makampuni yanayotumia nembo yao yataje viwanda, na kuna shirika linaitwa Worker Rights Consortium, lilianzishwa 2000, linachunguza viwanda hivyo na kuweka ripoti zake wazi. Ukipata fulana ya chuo anza hapo usihangaike kwingine.

Ukishapata jina la kiwanda litafute kwa Kihispania, sio Kiingereza tu. Hii ni siri ndogo lakini inabadilisha kila kitu, maana magazeti ya huko na vyama vyao wanaandika kwa lugha yao. Weka jina la kiwanda afu ongeza neno moja moja: sindicato ni chama cha wafanyakazi, despidos ni kufukuzwa kazi, cierre ni kufungwa kwa kiwanda, prestaciones ni kiinua mgongo na stahiki za mtu akiachishwa, embarazo ni mimba, lista negra ni orodha ya watu wasioajiriwa tena popote. Zinazokuja zipitishe kwenye programu ya kutafsiri, inatosha kuelewa.

Utakuta nini? Utakuta meta, ndo tageti yenyewe, idadi ya vipande kwa siku kwa timu nzima, mmoja akichelewa wenzake wote wanakosa bonasi kwa hiyo msimamizi hahitaji hata kupiga kelele, wanakimbizana wenyewe. Utakuta zamu ya 4x4, siku nne kazi siku nne kupumzika, masikioni inasikika vizuri ila siku hizo nne ni masaa 11 au 12 kwa siku na bega linarudia mwendo uleule maelfu ya mara, wakati sheria ya Honduras inasema masaa 8. Wanawake wa shirika la CODEMUH huko Honduras wamepigania miaka mingi kwamba bega na mgongo ulioharibika pale utambuliwe ni ugonjwa wa kazi na ulipiwe. Utakuta kupimwa mimba kabla ya kuajiriwa, Human Rights Watch waliandika juu ya hilo kwa viwanda vya Mexico mwaka 1996. Mwaka huohuo binti wa miaka 15, Wendy Díaz, alisimama mbele ya bunge la Marekani akasema alianza kushona kiwandani Honduras akiwa na miaka 13, kwa senti 31 za dola kwa saa, nguo zenyewe zina jina la mtangazaji wa TV, Kathie Lee Gifford. Dada yangu nilimsomea hiyo akanyamaza muda mrefu.

Ila kwa sisi tulio mbali nakushauri ushike kesi moja kuliko zote, kiwanda kimefungwa na watu hawajalipwa kiinua mgongo. Kwa nini? Kwa sababu inahesabika. Matusi na kunyimwa choo kampuni itakataa hata mwaka mzima, lakini deni lina kiasi, lina majina na tarehe, na sheria ya nchi ndo iliyolipanga. Mwezi wa kwanza 2009 viwanda viwili vya Honduras vilivyokuwa vinashonea Nike, Hugger na Vision Tex, vilifungwa na watu kama 1,800 wakaachwa mkono mtupu. Nike wakasema wale sio wafanyakazi wetu ni wa mkandarasi. Wanafunzi wa Marekani wakashikilia hapohapo hawakuhama, Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison kikavunja mkataba wa nembo yake na Nike, na Julai 2010 Nike wakakubali kutoa dola milioni 1.54. Kumbe jibu la "sio wetu" sio mwisho wa maongezi, kumbuka hilo maana na wewe utajibiwa hivyohivyo.

Sasa kabla hujaandika chochote wala hujapiga kelele mtandaoni, tafuta wenyewe wafanyakazi wanataka nini. Hili nalisema kwa mkazo kwa sababu mi mwenyewe nilikosea, nilianza kuwaambia wateja msinunue hii na ile, dada yangu akanigombeza, akasema ukimwambia tajiri aondoke si unamfukuzisha kazi yule unayemuonea huruma? Na ni kweli. Angalia Kukdong, kiwanda kilichokuwa Atlixco, jimbo la Puebla, Mexico. Mwaka 2001 wafanyakazi waligoma baada ya wenzao waliolalamikia chakula kibovu cha kantini kufukuzwa, polisi wakawapiga. Wao hawakutaka Nike iondoke, walitaka ibaki imlazimishe mwenye kiwanda awarudishe. Wakarudishwa, na mwaka huohuo wakapata chama chao huru. Halafu linganisha na Jerzees de Honduras pale Choloma, kiwanda cha Russell, kampuni ya Marekani ya nguo za michezo, kilifungwa Januari 2009 wafanyakazi 1,200 nje, baada ya kuunda chama. Hapo hakukuwa na kazi ya kulinda tena, wafanyakazi wenyewe wakasafiri Marekani wakaomba vyuo vikate mikataba, karibu vyuo 100 vikakata, na Novemba Russell wakasalimu amri wakafungua kiwanda kipya wakakipa jina Jerzees Nuevo Día, siku mpya, wakaajiri walewale. Kwa hiyo kususia sio vizuri wala vibaya, inategemea nani kaomba.

Utajuaje wameomba nini? Tafuta ukurasa wa chama chao, Honduras wengi wako chini ya CGT, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, soma tamko lao la karibuni, andika ujumbe mfupi kwa Kihispania cha kutafsiri uulize barua kutoka nje inasaidia au inaharibu. Wakikwambia subiri, subiri.

Wakisema andika, barua kwa kampuni iwe fupi na kavu. Mi naandika hivi: "Mimi ni mteja wenu Tanzania. Fulana yenu yenye RN namba fulani imeshonwa kiwanda fulani, kilichofungwa tarehe fulani. Chama cha wafanyakazi kinasema watu kadhaa wanadai kiinua mgongo cha kiasi fulani kwa sheria ya nchi. Naomba mnijibu mawili: deni hili limelipwa au bado, na kama bado mtalilipa lini." Basi. Usiweke maneno ya uchungu hata kama unayo, ukiweka hayo watajibu uchungu wako na kukwepa swali. Na usiulize "je mnajali haki za binadamu", utatumiwa karatasi nzuri ya kanuni zao yenye picha. Nakala peleka kwa chama cha wafanyakazi na Worker Rights Consortium, na kama fulana ni ya chuo peleka kwa chuo chenyewe, hao ndo kampuni inawaogopa.

Kitu cha hatari nakiomba sana ukizingatie, usiweke jina wala sura ya mfanyakazi mtandaoni hata kama kakutumia picha mwenyewe. Lista negra ipo, na sio kazi tu inayopotea, Honduras viongozi wa vyama wameuawa. Mexico mwaka 2022, wafanyakazi wa kiwanda cha magari cha General Motors Silao walipokuwa wanachagua chama kipya, SINTTIA, viongozi wake walitishwa mkesha wa kura, na bado walishinda. Hao wana majina yanayojulikana na watu wa kuwalinda. Binti wa mashine ya tatu mstari wa pili hana.

Baada ya hapo ni daftari. Andika tarehe uliyotuma, subiri wiki tatu, tuma tena barua ileile na tarehe ya kwanza juu yake. Wakijibu kwamba suala limemalizika usifunge ukurasa, rudi kwa chama uulize hela imeingia mikononi kwa watu wangapi. Mi nina ukurasa mmoja wa kiwanda cha El Salvador, kampuni inasema imemaliza na wanawake wanasema bado, lebo yake nimeibandika pale juu kwa gundi, na Jumatatu dada yangu anakuja tuandike ya tatu.