Somo: Kubadilisha leseni ya udereva ukihamia nchi nyingine

Habari zenu wanachama. Somo la leo ni leseni ya udereva ya mtu aliyehama nchi. Nawasihi mlisome kabla ya kufunga mabegi, maana sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika kule unakotoka. Ukishaondoka, kila karatasi utakayopungukiwa itabidi umsumbue ndugu akakupangie foleni, na ofisi nyingi humwambia arudi na mwenye leseni mwenyewe.

Hatua ya kwanza: jua siku zako zilianza kuhesabiwa lini

Sheria hutofautisha mgeni na mkazi. Mgeni anayepita huruhusiwa kuendesha kwa leseni ya kwao, na huo ndio msingi wa mikataba ya kimataifa ya usafiri wa barabarani, ule wa Geneva wa 1949 na ule wa Vienna wa 1968. Lakini mkataba wa Vienna wenyewe unasema kwamba nchi hailazimiki kuendelea kuitambua leseni ya kigeni pindi nchi hiyo inapokuwa makazi ya kawaida ya mwenye leseni. Tangu hapo unaishi kwa muda wa huruma, na kila nchi hupanga wake. Ujerumani hutoa miezi 6. Uingereza hutoa miezi 12. Ufaransa hutoa mwaka 1, na ndani ya mwaka huo huo uwe umeshawasilisha ombi la kubadilisha. Ukichelewa, mlango huo unafungwa na unabaki na njia ya mtihani.

Hesabu huanza siku ulipokuwa mkazi: umejiandikisha makazi, au kibali chako cha ukaazi kimeanza kufanya kazi. Watu wengi huanza kuhesabu tangu siku waliponunua gari, na hapo ndipo wanapopotea. Muda ukipita, machoni pa polisi wewe ni mtu anayeendesha bila leseni, hata kama una uzoefu wa miaka mingi. Kibaya zaidi, bima inaweza kukukatalia au kukudai fidia yote iliyomlipa uliyemgonga. Ndiyo maana nalitilia mkazo jambo hili kuliko faini yenyewe.

Hatua ya pili: tazama leseni yako iko kundi gani

Kundi la kwanza ni leseni inayotambulika bila kubadilishwa, mfano leseni ya nchi moja ya Umoja wa Ulaya ukihamia nchi nyingine ya Umoja huo. Kundi la pili ni leseni za nchi zilizomo kwenye orodha ya makubaliano: unapeleka kadi yako, unapewa ya kwao bila mtihani au kwa sehemu tu ya mtihani. Kundi la tatu ni zile zisizo kwenye orodha, na hapo unafanya mtihani wa nadharia na wa barabarani.

Usikisie kundi lako kwa kumsikiliza jirani. Orodha ya Uingereza inazo Afrika Kusini na Zimbabwe, lakini haina nchi nyingi nyingine za Afrika. Leseni za Marekani, ukienda nazo Ujerumani au Ufaransa, huangaliwa jimbo kwa jimbo: Wamarekani wawili wenye leseni za majimbo tofauti wanaweza kupata majibu tofauti dirisha moja. Soma orodha kwenye tovuti ya serikali yenyewe, mwaka huu, si ile aliyokutumia rafiki aliyehama zamani.

Hatua ya tatu: karatasi za kukusanya kabla ya kuondoka

Hapa ndipo pa kuweka nguvu zako.

Chukua kadi yako uitazame vizuri. Ina tarehe ya kutolewa na tarehe ya kuisha. Je, ina tarehe uliyopata leseni kwa mara ya kwanza? Kadi nyingi, zikishahuishwa, huonyesha tarehe ya kadi mpya tu. Dereva wa muda mrefu aliyehuisha leseni mwaka jana akifika ugenini anaonekana amejifunza mwaka jana. Ontario, kule Kanada, ni mfano mzuri: anayetoka nchi isiyo na makubaliano, akithibitisha uzoefu wa zaidi ya miaka 2, huruhusiwa kuomba moja kwa moja mtihani wa barabarani wa leseni kamili. Asiyethibitisha anapitia ngazi za wanaoanza. Tofauti yote hiyo hutokana na tarehe moja isiyoonekana kwenye kadi.

Dawa yake ni barua ya uthibitisho kutoka mamlaka iliyotoa leseni. Iwe na mhuri na ionyeshe majina kamili, namba ya leseni, madaraja, tarehe ya kwanza ya kila daraja, na kwamba leseni haijafungiwa. Omba nakala mbili. Na kadi za zamani usizitupe.

Kisha linganisha majina. Leseni ina majina mawili, pasipoti ina matatu; au pasipoti imebeba jina la ndoa na leseni imebaki na la ubini. Rekebisha ungali kwenu. Karani wa ugenini hana namna ya kujua kwamba hao wawili ni mtu mmoja.

Tatu, tazama tarehe ya kuisha. Kama imebaki miezi michache, ihuishe kabla ya safari, kwani nchi nyingi hubadilisha leseni iliyo hai tu. Na ukimaliza, pitia kampuni yako ya bima uombe barua ya miaka uliyokaa bila kudai fidia. Baadhi ya kampuni za ugenini huiheshimu na kukupunguzia malipo.

Hatua ya nne: peleka ombi

Tafsiri ya leseni yako ifanywe na mtafsiri anayekubalika na ofisi ya huko unakohamia, kwa hiyo subiri ufike ndipo uilipie. Utahitaji pasipoti, kibali cha ukaazi, uthibitisho wa anwani, picha, na mara nyingi kipimo cha macho. Leseni yenyewe huchukuliwa. Piga picha pande zote mbili, na uombe stakabadhi inayosema kama unaruhusiwa kuendesha wakati unasubiri. Kama haisemi hivyo, weka funguo kabatini.

Hatua ya tano: ukitakiwa kufanya mtihani

Dereva mzoefu hufeli kwa mazoea. Mtahini anataka aone unatazama: kioo cha ndani, kioo cha pembeni, kisha shingo igeuke kuangalia begani kabla hujahama njia. Kurusha jicho tu hakutoshi, kwa sababu yeye aliyekaa pembeni haoni jicho lako, anaona shingo. Alama ya kusimama ina maana magurudumu yasimame kabisa, hata barabara ikiwa tupu. Na katika nchi nyingi za bara la Ulaya, kwenye makutano yasiyo na alama yoyote, anayetoka kulia kwako ndiye anayepita kwanza, hata kama wewe uko kwenye barabara inayoonekana kubwa. Kanuni hii huwaangusha wengi.

Kama ulizoea kuendesha upande wa kushoto na sasa ni kulia, lipia masomo mawili matatu kwa mwalimu wa huko. Barabara iliyonyooka haina shida. Hatari iko unapokata kona na kuingia barabara isiyo na gari lingine la kukukumbusha upande.

Uswisi inahitaji tahadhari ya pekee. Wenye leseni za nchi kadhaa hufanyiwa jaribio moja la kuendesha na mtaalamu wa serikali, na jaribio hilo halirudiwi. Ukishindwa, unapoteza haki ya kuendesha kwa leseni yako ya kigeni na unaanza njia ya wanafunzi. Usilikabili bila mazoezi.

Maswali ya wanachama

*Nina leseni ya kimataifa iliyoandikwa miaka 3. Si inanitosha mpaka iishe?*

Haikutoshi, ndugu yangu. Kile kijitabu ni tafsiri ya leseni yako, hakina nguvu bila kadi yenyewe. Miaka 3 ni ukomo wa kijitabu cha mkataba wa 1968. Cha mkataba wa 1949 ni mwaka 1. Lakini vyote viwili ni vya wageni wanaopita. Ukishakuwa mkazi, muda wa nchi unayoishi ndio unaohesabika.

*Sina leseni kabisa. Nikirudi nyumbani likizo nikaipate haraka, halafu nije nibadilishe, itawezekana?*

Usipoteze nauli yako, dada. Nchi nyingi zimeliona hilo kitambo. Ujerumani haitambui leseni uliyoipata kwingine wakati makazi yako yako Ujerumani tayari. Japani inataka uthibitishe kwamba ulikaa angalau miezi 3 katika nchi iliyokupa leseni, baada ya kuipata, na wanahesabu kwa mihuri ya pasipoti. Jifunze hapo hapo ulipo.

*Nilifanya mtihani kwa gari la otomatiki. Nitapewa leseni ya magari yote?*

Ukibadilisha Uingereza na huna uthibitisho wa kufanya mtihani kwa gari la gia za mkono, utapewa ya otomatiki tu. Barua ya uthibitisho niliyoitaja juu inaweza kukuokoa, iombe itaje jambo hilo. Nchi za Ulaya huandika namba ya msimbo 78 nyuma ya kadi ya mwenye ruhusa ya otomatiki pekee, kwa hiyo ukipokea kadi yako, igeuze usome.

*Nilibadilisha leseni yangu Ufaransa. Sasa nahamia nchi nyingine ya Umoja wa Ulaya. Niko salama?*

Si lazima. Tazama nyuma ya kadi utaona namba ya msimbo 70 na alama ya nchi iliyotoa leseni yako ya kwanza. Namba hiyo inawaambia wengine kwamba hukufanya mtihani Ulaya, na sheria ya Umoja inairuhusu nchi mpya isiitambue leseni ya namna hiyo ukihamisha makazi. Waandikie kabla hujahama, upate jibu la maandishi.

*Mimi ni dereva wa lori. Daraja langu la malori litahamishwa?*

Pole kaka, mara nyingi makubaliano hugusa magari madogo na pikipiki tu, na daraja la lori unalipata upya. Halafu katika Umoja wa Ulaya, anayeendesha lori kwa kazi anahitaji pia cheti cha ujuzi wa udereva, kinachoandikwa kwa namba ya msimbo 95 na kuhuishwa kwa masaa 35 ya mafunzo kila miaka 5. Ukiahidiwa kazi, muulize mwajiri kwa maandishi nani analipia hayo na utalipwa nini wakati unasoma, kabla ya kusaini mkataba.

*Leseni yangu imeisha nikiwa tayari huku. Nifanyeje?*

Acha kuendesha kuanzia leo. Uliza ubalozi au mamlaka ya kwenu kama wanahuisha kwa mtandao au kwa mtu uliyempa idhini. Wakati unasubiri, omba ile barua ya uthibitisho, kwa sababu hata leseni iliyokufa, historia yake bado ni yako, na ofisi nyingine huikubali kama ushahidi wa uzoefu hata kama zinakutaka ufanye mtihani. Na kama tarehe yako ya mwisho iko karibu, jiandikishe kwa mtihani wa nadharia sasa hivi bila kungoja majibu ya kwenu. Foleni zake ni ndefu.